Usisalimie Watu Mlangoni

Sapiwi, Bariadi
18 Agosti 2024

Mke wangu Nyanjige,

Mwangaluka. Mhola? Huku kwetu mhola duhu, salama tu, ila mbuzi wawili wamepata kikohozi na mke mwenzio, bibi yako Specioza, amepata kiburi. Mbuzi tumewapa dawa. Kwa bibi yako daktari wa mifugo amesema hana la kufanya.

Pamba tumeshauza. Mzee Elia jirani yetu ameng'oa jino na anatembea nalo mfukoni, akikutana na mtu anamwonyesha. Basi hizo ndizo habari za kijiji.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, mkono wa darasa la nne. Siku ya mnada nitampelekea Nuruddin pale Bariadi, yule mwenye duka la kutoa kopi, aipige picha akutumie. Majibu yako naye huwa anayachapa ananipa karatasi. Najua anazisoma zote. Nuruddin, acha kucheka, na ile soda uliyoniahidi bado sijaiona.

Ujumbe wako umefika. Kwamba hiyo meli unayofanyia kazi mwezi wa kwanza itapita Unguja, itakaa kutwa moja tu, na kwamba unataka tumlete Mayige umwone. Mistari mitatu! Mtu niliyemlea mimi tangu anaota meno ananiandikia kama mamlaka ya maji inayotangaza kukata bomba.

Mwanao hajambo. Ulimwacha ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, sasa anagombana na jogoo, na anayehama uwanja ni jogoo. Simu ya Nuruddin anaijua kuliko mimi ninavyolijua zizi langu. Picha ikimchosha anaipangusa kwa kidole, inakuja nyingine.

Kuhusu Unguja nitafikiri. Mwezi wa kwanza ni wa palizi. Halafu kuna ng'ombe ana mimba. Kwani hiyo meli haiwezi kuja Mwanza? Hata Mwanza kuna maji.

Tena nieleze, kazi yako hasa ni nini? Mzee Elia ameniuliza mnadani mbele za watu nikamwambia wewe ndiye nahodha. Nisaidie nisiumbuke.

Mumeo mzee,
Salu


Piraeus, Ugiriki
22 Septemba 2024

Guku, babu yangu, mume niliyepewa bila kuulizwa,

Nimepiga magoti hapa kitandani ndipo nakuandikia, na wenzangu wa chumba wananishangaa. Shikamoo. Bibi shikamoo, na pole kwa mume. Mwambie Mzee Elia hilo jino alizike.

Mimi si nahodha, Guku. Mimi ni wa mlangoni. Chukua nyumba zote za mtaa wa stendi Bariadi, zipange juu kwa juu mpaka shingo ikuume, ndiyo meli yetu. Kwa ukubwa huo, bandari nyingi haisogei ukingoni. Inatia nanga nje, na abiria wanapelekwa nchi kavu kwa boti ndogo. Chini kabisa, karibu na maji, kuna milango miwili, wa mbele na wa nyuma. Wa nyuma ndio wangu. Watu wanakaa ukumbini, wanaitwa kikundi kwa kikundi, wanashuka ngazi, nakagua kadi zao, nawashika mkono wanaingia kwenye boti. Kila mmoja anataka kuwahi maana huko nje mabasi ya kuwatembeza yanawasubiri.

Sasa shida. Mlango wangu ni wa mwisho kila bandari. Mlango wa mbele yuko Mfilipino anaitwa Rodel, watu wanapita kwake kama mtama unamwagwa. Kwangu foleni imepanda ngazi mpaka juu, watu wanalalamika, na bosi wangu, mama mmoja wa Kireno, anasimama pembeni amekunja midomo. Sijui nakosea wapi. Kadi naikagua upesi. Mkono natoa. Namsalimia kila mmoja kama mlivyonifundisha, ananijibu, anapita.

Jambo lenyewe ni hili. Unguja nasi wa mlangoni tumeruhusiwa kushuka, lakini ni mpaka abiria wetu wote wawe wameshuka, kwa boti ya wafanyakazi, na boti hiyo haimngoji mtu. Mlango wangu ukichelewa inaondoka bila mimi. Zinazofuata ni za kurudisha abiria, na hao lazima niwepo kuwapokea. Nitawaona ninyi gatini kama punje za ulezi, basi, meli ing'oe nanga.

Mayige akiniona kwenye simu huwa ana...

Mpe busu.

Na hiyo palizi usinitajie. Tangu lini palizi ikakungoja wewe?

Mjukuu wako,
Nyanjige


Sapiwi
27 Oktoba 2024

Mke wangu,

Mwadila. Hapa mvua zinatishia tu, zinanguruma halafu zinaenda Nkoma. Yule ng'ombe hajazaa bado, anatutazama tu. Mayige amejifunza tusi, na bibi yako anasema amelitoa kwangu. Nimemwambia mtoto anasikia mengi kwenye redio.

Nimefika kwa Nuruddin nikamkuta anacheka na karatasi yangu mkononi, mimi mwenyewe sijaisoma. Nikaileta nyumbani, nikamsomea bibi yako. Nilipofika pale unaposema unamsalimia kila mmoja kama tulivyokufundisha, nikasimama.

Nikamwuliza, "Specioza, hivi huyu mtoto tulimfundisha kusalimia vipi?"

"Vizuri," akasema. "Asimwache mkubwa mpaka amemwuliza ameamkaje, na mguu unaendeleaje, na watoto, na mifugo."

Tukatazamana. Halafu tukacheka mpaka Mayige akalia.

Nyanjige! Wewe umesimama mlangoni unapiga goti, unawauliza wazee wa Ulaya mguu umeamkaje! Watu ambao tangu wastaafu hakuna aliyewauliza habari ya mguu! Na wanakujibu, si ndiyo? Wanakujibu kwa urefu, wa kulia kisha wa kushoto, na wajukuu, na mbwa. Halafu unashangaa foleni imepanda ngazi!

Nikueleze kitu cha maana mara moja kwa mwaka. Pale kwenye josho letu, ng'ombe anapotumbukia kwenye dawa ya kupe, umewahi kuniona nampapasa ng'ombe mdomoni mwa josho? Ukimpapasa mmoja pale, wa nyuma wanapandana. Kumpapasa ni zizini, asubuhi, ametulia. Akifika mlangoni ni kupita tu. Kwa hiyo acha kusalimia mlangoni. Ndiyo ushauri wangu, na ushauri huu mnadani ungeulipia mbuzi.

Kuhusu safari, mguu wa kushoto umeanza. Tena nyumba haiwezi kulala peke yake, wezi wamezidi. Nimefikiri bibi yako aende na Mayige, mimi nibaki.

Salu, mwenye mguu

Nyanjige mwanangu, ni mimi bibi yako. Nimemfuata mpaka dukani, karatasi nimempokonya Nuruddin kabla hajapiga picha. Mguu haumwumi. Babu yako anaogopa maji. Ng'ambo hajavuka hata ya mto. Josho lenyewe miaka yote anasimama upande wa kutokea. Na lile la kusalimia zizini nimesema mimi, yeye alikuwa bado anacheka. Halafu lile la Mayige na simu uliloanza kuuliza hukulimalizia: Mayige ukimwuliza mama yuko wapi anaonyesha simu ya Nuruddin. Anadhani unakaa mle. Njoo aone.


Durban, Afrika Kusini
30 Novemba 2024

Guku na Bibi,

Shikamooni. Msinilaumu kwa kimya. Tulikuwa majini, tumeizunguka Afrika kwa mgongoni, na intaneti ya melini ni ya matajiri. Mimi mzima. Nimenenepa kidogo, nguo za kazi zimeanza kunisema.

Bibi, mstari wako wa mwisho nimeusoma. Nimeusoma tu.

Guku, nilikusikiliza, ukaniponza. Kwenye kisiwa kimoja huko njiani nilisimama mlangoni kimya kama mlingoti. Kadi, mkono, pita. Wazee wakaingiwa na hofu. Mmoja akaniuliza kama naumwa. Mwingine kama nimefiwa. Kuna bibi mmoja wa Uswidi, Agneta, anatembea na fimbo, yeye akasimama katikati ya mlango akakataa kupita mpaka nimweleze nani kanikosea. Siku hiyo tulichelewa kuliko siku zote tangu nianze. Bosi akaniambia nikirudia nitahamia kufua mashuka.

Usiku ule nikayarudia maneno yenu. Kumbe nilichukua nusu. Mlisema acha mlangoni, lakini mlisema pia zizini.

Bandari iliyofuata nikaamka mapema, nikaingia ukumbini wakati bado wanakunywa chai wakisubiri kuitwa. Nikapita kiti kwa kiti. Mguu, mgongo, wajukuu, mbwa, vyote nikasikiliza. Mlango ulipofunguliwa tulikuwa tumeshamaliza mazungumzo, wakawa wananipita na kunikonyeza tu. Tukalingana na Rodel! Yeye alinitazama kama nimemwibia kuku. Bosi akakunjua mdomo mmoja, wa juu.

Lakini ni mara moja tu, Guku. Na bosi amesema Unguja hali itakuwa ngumu maana wote wana safari za mashamba ya karafuu, hakuna atakayekubali kuwa wa pili.

Bibi Agneta ameniuliza mbona nina haraka na Unguja. Nikamwambia habari ya Mayige. Akaniuliza jina la mtoto. Lilimsumbua kulitamka.

Sasa jibu bila kuzungukazunguka. Unakuja au huji? Mimi sijui Unguja, nitashuka pale nimechanganyikiwa, nataka uso wa kutafuta. Na usitaje mguu.

Nyanjige


Sapiwi
22 Desemba 2024

Mke wangu,

Sikukuu njema. Ng'ombe amezaa, ndama jike, kichwa cheupe. Mvua imekuja yote kwa pamoja, inalipa madeni. Mayige ametumbukia dimbwini na viatu vipya, akapigwa, akatumbukia tena.

Kwanza nijitetee. Kusimama upande wa kutokea ni kazi ya heshima. Ng'ombe anatoka majini macho yanawasha, maji masikioni, hajui aende wapi. Lazima akute mtu anayemjua. Mke mwenzio hilo halielewi kwa sababu yeye hajawahi kutoka majini akiwa ng'ombe.

Pili, sijaogopa maji. Sijazoeana nayo tu. Ili kumaliza ubishi, wiki iliyopita nilipanda gari mpaka Nassa, nikashuka ziwani. Nikalitazama ziwa, nalo likanitazama. Nikaingia kwenye mtumbwi. Ulikuwa umefungwa kwenye jiwe, hilo ni jambo dogo. Nimekaa mle mpaka wavuvi wakaja kuniuliza nauza nini.

Nakuja.

Bibi yako ameshafunga mzigo. Kuna michembe, viazi vyetu vikavu, ya kulisha meli nzima pamoja na hao Wareno. Nuruddin ana dada yake huko Unguja, Nasrin, ameolewa hukohuko, yeye atatupokea na kutuonyesha gati. Nuruddin mwenyewe amenipa ndimu, anasema kwenye boti ninuse. Nikishazoea boti nitamrudishia.

Wewe fanya ya mlangoni. Ya upande wa kutokea niachie.

Salu


Baharini, tumeshapita Mombasa, tunaelekea mbali
2 Februari 2025

Guku, Bibi, na Mayige wangu,

Mwangaluka, mwadila, shikamooni, na zote zilizobaki. Pale gatini tulisalimiana kifupi kama watu waliogombana, kwa hiyo salamu zenyewe nazileta sasa. Mmelalaje? Ndama anaendeleaje? Mguu, Guku, ule wa kushoto?

Nataka niwaeleze ilivyokuwa kabla sijawafikia, maana pale muda haukutosha.

Asubuhi ile tulitia nanga vizuri, lakini maofisa wa kukagua meli wakachelewa kupanda. Watu wamevaa kofia, wamejipaka mafuta ya jua, hawaruhusiwi kushuka. Joto. Ukumbi ukaanza kunguruma. Mimi nikapita kiti kwa kiti kama kawaida, lakini safari hii walikuwa hawajibu, wanaangalia saa zao. Nikajua nimekwisha.

Milango ilipofunguliwa wote walisimama kwa pamoja, vikundi vikavurugika, ngazi ikajaa mpaka juu. Kwenye mlango wa mbele nasikia boti ya Rodel inaondoka, imejaa. Yangu ina watu wanne na wanne hao wanagombana.

Ndipo nikasikia fimbo inagonga ukuta. Bibi Agneta. Yuko katikati ya ngazi, anagonga. Wote wakanyamaza. Akasema, "Huyu binti ametuuliza habari za watoto wetu safari nzima. Wa kwake yuko pale gatini. Tunashuka mmojammoja, na hakuna mtu wa kuongea." Akatangulia yeye, na fimbo yake, na wote wakamfuata nyuma bila kusukumana. Guku, ng'ombe wa kutangulia ulisahau kunitajia.

Sasa sikilizeni. Kila aliyefika mlangoni alitoa kadi, akanishika mkono, akasema neno moja tu: "Mayige." Basi, anapita. Anayefuata, "Mayige." Wanalikosea wote. Mayiji. Majigi. Mzee mmoja alisema Maggie. Nimekagua kadi zote hizo sioni vizuri. Wa mwisho wangu aliposhuka, mlango wa mbele bado ulikuwa na watu.

Bosi akaninyang'anya mashine ya kadi mkononi, akanisukuma kwenye boti ya wafanyakazi. "Nenda," akasema, "usianze na kunishukuru mimi, nakujua."

Nilivyokaribia gati nilitafuta uso. Guku, nilidhani nitakukuta huko nyuma kwenye kivuli, umekaa juu ya mzigo. Ulikuwa umesimama ngazi ya chini kabisa ya gati, maji yanakupanda kwenye viatu, mtoto begani.

Ulipompa kwangu hakulia. Sijui kama uliona. Alininyooshea kidole, akanipangusa shavu, huku na huku, kama anavyopangusa simu. Akangoja. Hakuja mwingine. Akapangusa tena. Halafu akaweka kiganja chote, akakiacha pale.

Michembe hawaruhusu kuingiza melini, ndiyo maana niliitafuna yote palepale nimempakata. Tumbo limeniuma mpaka juzi, na sijutii.

Bibi aliniambia sikioni kwamba kwenye boti ya kutoka Dar ulifumba macho njia nzima na ulishika kanga yake mpaka ikachanika. Sitasema kwa mtu.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa nne. Bosi ameniletea mwingine, wa mlango wa mbele, mshahara umepanda. Amesema nijibu nikiwa tayari. Bado sijajibu.

Nyanjige wenu


Sapiwi
23 Februari 2025

Mke wangu Nyanjige,

Mwadila. Ndama wa kichwa cheupe anaruka. Mzee Elia ameng'oa jino la pili, sasa anayagonganisha kama manyanga. Palizi imekwisha na, kama ulivyosema, haikuningoja.

Habari ya kanga ni uongo. Ilikuwa kuukuu. Na macho sikuyafumba kwa hofu, nilikuwa nayatunza nikuone vizuri. Ndimu ya Nuruddin nimeila.

Huo mkataba mwingine sikuambii saini wala usisaini. Mimi ni mtu wa darasa la nne, mambo ya mikataba siyajui. Nitakupa habari za kawaida tu za hapa nyumbani.

Tuliporudi nilimpeleka Mayige dukani. Nuruddin akamletea simu, picha yako ya gatini, ile umetafuna michembe mashavu yamejaa. Akaitazama. Hakuipangusa. Akamrudishia Nuruddin simu yake akasema, "Huyu hana mkono." Tukatoka.

Njiani akaniuliza umekwenda wapi. Nikajibu kama ninavyojibu mambo yangu, nikamwambia uko majini, na kila anayeingia majini hutokea upande wa pili. Nilidhani yameishia hapo.

Jumanne ilikuwa siku ya josho. Nimesimama mahali pangu, upande wa kutokea, yeye pembeni yangu. Ng'ombe wa kwanza akapanda anachuruzika dawa. Mayige akaenda mbele yake, akakunja vigoti, akasema, "Mwangaluka." Akangoja ajibiwe. Ng'ombe naye akasimama. Wa pili akafika nyuma yake, wa tatu, josho likajaa, huko kwenye kuingilia wanapandana, watu wananipigia kelele, "Mzee Salu, mtoe mtoto!" Mimi nimeshika mbavu kwa kicheko. Nikamwita, "We Mayige, unafanya nini?"

"Nawauliza kama wamemwona mama."

Kila siku ya josho sasa ni hivyo. Foleni ya Sapiwi nzima imekwama, na watu wamemtuma mwenyekiti wa kijiji kwangu. Nimemwambia hilo ni la ukoo, halina dawa, asubiri mwezi wa nne.

Kwa hiyo mwezi wa nne ukishuka stendi ya Bariadi, kuna Nuruddin pale, kuna wauza karanga, kuna Mzee Elia na meno yake. Wote hao nitawasalimia mimi.

Wewe usisalimie mtu njiani.

Mumeo,
Salu